Nafasi Nyeupe Ukurasa wa Saba

Mwalimu Zakayo amekufa, na nitasema ukweli hata kama matanga yake hayajaisha: sikulia. Binti yake Fridah alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua mboga. Akasema, "Auntie Rasoa, Baba ametuacha," nami nikampa pole yote inayotakiwa, nikauliza alikuwa anaumwa nini, nikauliza mazishi ni lini. Niliporudi kwenye mboga nilijikuta natupa majani na kuweka vijiti kwenye sufuria. Kabla hatujakata simu alikuwa ameniambia kwamba mzee aliacha kitu changu, kimefungwa kwa gazeti, na aliagiza nipewe mkononi. Kesho yake nilienda kukichukua. Kilikuwa chembamba kama kitabu cha nyimbo. Nilikijua kabla sijakifungua, na kwa sababu nilikijua, sikukifungua. Nilikiweka juu ya kabati la vyombo, hapa kwangu mjini Kakamega, nikawa napita nikikitupia jicho baya. Mtu akukosee, akae miaka hamsini kimya, halafu akutumie zawadi akishakufa, wakati huwezi kumjibu! Huo kwangu ni ujeuri. Kikakaa pale siku mbili, na kwa siku hizo mbili sikufanya kazi yoyote ya maana ila kuukumbuka ule mwaka.

Ulikuwa mwaka ambao miwa ilikuwa bado jambo jipya kwetu. Watu walikuwa wameng'oa wimbi na mihogo ili wapande miwa ya kiwanda, na upepo ukitokea upande wa Mumias ulituletea harufu ya molasi mpaka kitandani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka tu kumaliza kozi ya kupiga taipu, na misheni iliyo juu ya kilima cha kwetu ikanichukua niwe karani. Jina la misheni silitaji. Sitaki kuipa tangazo la bure. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, dirisha la waya wa kuku, meza ya mvule iliyokuwa na mguu mmoja mfupi, na ukutani picha ya mmisionari wa kwanza, ambaye watu wetu walimpa jina Bwana Miwani kwa sababu ya vioo vyake vya macho. Bwana alikaa kwenye kiti. Nyuma yake walisimama wanaume wanane wa kwetu, na chini ya picha paliandikwa jina lake lote, na cheo chake, kisha "pamoja na wenyeji." Mwenyeji wa tatu kutoka kushoto alikuwa babu yangu, Mukoya. Nilichapa barua mwaka mzima huku ananitazama mgongoni, na kila nilipogeuka nilikuta ni "mwenyeji" tu.

Kazi yangu kubwa mwaka huo ilikuwa kitabu. Misheni ilikuwa inatimiza miaka sitini, kungekuwa na sherehe ya jubilii, wageni wangetoka ng'ambo, na kamati ya wazee watano iliundwa iandike historia. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Zakayo, mkuu wa shule ya misheni, mtu wa koti hata jua likiwaka, mtu ambaye alifundisha kila mtu pale kushika kalamu, pamoja na mimi. Kamati ilikutana Alhamisi, na kila Alhamisi wake wa wazee walipika ingokho, yaani kuku, na obusuma, ugali wetu, na firigisi ya kuku ilienda kwenye sahani ya Mwalimu bila mtu kuuliza, maana kwetu hiyo ni ya mkubwa. Mimi nilikaa pembeni na daftari, nikiandika yanayosemwa, na kwa vile nilikuwa msichana, walisahau kwamba nina masikio. Nikasikia mzee mmoja akisema, "Lakini hii ya kilima, si tunajua ilivyokuwanga?" Mwingine akakohoa. Mwalimu akatoa firigisi mdomoni, akasema, "Tunajua. Lakini hiyo ni ya kuongea, si ya kuandika." Wakacheka kidogo, wakaomba mchuzi zaidi. Niliandika hayo pia kwenye daftari langu. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu niliona aibu kwa niaba yao, nikataka aibu hiyo ikae mahali.

Maneno yenyewe ya kitabu yalitoka kwenye barua za Bwana Miwani alizowaandikia watu wake kwao, ambazo makao makuu yalituletea kwenye bahasha kubwa. Mwalimu aliyatafsiri, mimi nikayachapa. Kuhusu kilima yalisema hivi: "Mzee Mukoya, aliyekuwa bado gizani, alipolisikia Neno alijawa na furaha, akaitoa ardhi yote ya kilima kwa Misheni bila kuombwa." Basi. Sentensi moja. Nilipoisoma mara ya kwanza sikukasirika, maana hata nyumbani kwetu ndivyo walivyosema, tofauti ni kwamba nyumbani waliisema kwa matusi. Ndugu za baba yangu walikosa pa kulima, wakahamia Mautuma, kule Lugari, wakaanza upya kwenye baridi na mahindi ya watu, na kila walipokuja msibani walimtukana mzee kaburini kwake. "Alifurahi, akagawa shamba ya watoto. Mjinga yule." Kwetu mtoto huitwa jina la aliyetangulia, ili jina lisipotee. Tangu babu afe, hakuna mtoto hata mmoja katika ukoo wote aliyeitwa Mukoya. Wajukuu walizaliwa, wakaitwa majina ya wajomba, ya majirani, hata ya mchungaji. La Mukoya hakuna aliyelitaka.

Aliyebaki akiumia kwa jambo hilo alikuwa Senje Nekesa, dada ya baba yangu, mtoto wa mwisho wa Mukoya. Alikuwa amefiwa na mumewe akarudi kuishi chini ya kilima, nyumba ya udongo yenye chumba kimoja na jiko la mafiga matatu, na moshi ulikuwa umeyageuza macho yake mekundu daima, hata watu wakadhani amelia. Hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa na mdomo, jamani! Akikuona unapita na viatu vipya anakuuliza miguu ya zamani imeenda wapi. Kila Jumamosi alipanda kilima na ufagio wa vijiti, akaingia kwenye ua wa misheni bila kubisha, akafagia kaburi moja dogo sana lililokuwa kando ya ukuta, lenye msalaba wa saruji usio na maandishi. Tangu utotoni nilimwona akifanya hivyo na sikuwahi kuuliza. Mwaka ule niliuliza, kwa sababu nilikuwa nimechapa kurasa sita za historia na kaburi hilo halikuwa ndani.

Tulikuwa tunakula ugali kwa mboga ya mrenda. Niliposema, "Senje, lile kaburi ni la nani?" aliacha tonge kwenye ukingo wa sahani. "Wamelitaja kwenye kitabu chenu?" Nikasema hapana. Nikamsomea ile sentensi ya furaha na giza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa hatari kuliko kelele, "Hata mtoto wao wamemfuta?"

Akanieleza. Bwana Miwani alipokuja, babu alimkaribisha kama omumenya. Kwetu omumenya ni mgeni unayempa pa kujenga na pa kulima. Anakaa hata miaka ishirini kwa amani, anakula anachovuna, lakini ardhi si yake, na kuna mambo mawili hafanyi: hapandi miti ya mpaka, na hazikii hapo watu wake. Akizika, amekuwa mwenyeji, na hutamtoa tena. Bwana Miwani alielezwa hayo, akaitikia kwa kichwa. Msimu wa mvua kubwa mkewe akajifungua mtoto wa kike, na mtoto akaishi siku tisa. Njia zilikuwa matope matupu, mto umejaa, hakuna pa kumpeleka. Senje alikuwa na miaka saba, alikuwa anatumwa kumpelekea yule mama maji ya kuoga. "Nilimkuta amempakata," akaniambia. "Siku ya pili, bado amempakata. Maziwa yamelowesha nguo yake yote. Alikuwa ananiangalia kama mimi ndiye nitamwambia la kufanya. Na mimi ni mtoto!"

Wazee walikaa, wakakataa. Walisema tukiruhusu kaburi, tumeruhusu yote. Babu akasema anajua. Akasema pia kwamba huko juu kuna mama ana maziwa na hana wa kumnyonyesha, na yeye hawezi kulala chini ya kilima hicho akijua hivyo. Akapanda mwenyewe na jembe, akamchagulia mahali. Akamwambia Bwana kwa kinywa chake, "Kaburi ni lako, ardhi si yako." Bwana akalia, akamshika mikono, akaleta karatasi, na babu akaweka kidole gumba, akiamini ni karatasi ya kaburi. Msimu uliofuata nguzo za uzio zilizunguka kilima chote. Babu alipokwenda kuuliza, alionyeshwa alama ya kidole chake mwenyewe kwenye ile karatasi.

"Sasa andika," Senje akasema. Nikamwambia siwezi kuandika yote hayo, kamati haitakubali. "Sitaki yote. Mimi sina haja na kilima, nitakipeleka wapi na magoti haya? Andika hili moja." Akafumba macho yake mekundu, akaongea polepole kama mtu anayehesabu mbegu: "Baba yangu hakumpa mtu ardhi. Alimpa mama mmoja mahali pa kumlaza mtoto wake." Akafungua macho. "Hiyo tu. Ili hao wa Mautuma wasome. Ili mtu amwite mtoto jina lake kabla sijafa. Utaandika, ama nawe umeanza kuvaa koti?"

Niliandika. Lazima nieleze kidogo vile tulivyochapa vitabu siku hizo, kwa sababu vijana wa leo wanabonyeza tu. Tulitumia stensili, karatasi ya bluu iliyopakwa nta. Unaondoa utepe wa wino kwenye taipureta, herufi zinaitoboa nta, kisha unaifunga stensili kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, na wino unapita pale palipotobolewa. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, unapuliza ikauke, unachapa juu yake. Usipochapa, wino haupiti, na mahali hapo panatoka peupe. Nilipofika ukurasa wa saba nilichapa ile sentensi ya Bwana Miwani jinsi ilivyo, sikuigusa, kisha chini yake nikachapa mistari mitatu: "Nekesa binti Mukoya, aliyekuwepo, asema," na maneno yake. Vidole vyangu vilikuwa baridi. Nilijua Mwalimu atasoma kila ukurasa. Nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba akiyaona yamechapwa, meusi kwa meupe, atayaonea haya kuyatoa.

Ilikuwa Jumamosi alasiri na jubilii ilikuwa Jumapili. Mwalimu aliziinua stensili moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akisoma huku midomo inacheza. Kwenye ya saba midomo ikasimama.

"Rasoa. Hii ni nini?"

"Ni ushahidi wa Senje, Mwalimu. Alikuwepo."

"Nani alikuruhusu?"

"Na Bwana Miwani, nani alimruhusu?"

Alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. "Bwana ameacha barua. Zina tarehe. Zina sahihi. Senje wako ana nini? Ana mdomo."

"Mwalimu, wewe umezaliwa hapa. Hilo kaburi ulikuwa unaliona kila siku ukienda darasani. Nani yumo ndani?"

Alisema, "Wageni watakaa kiti cha mbele. Watu wametoka mbali, wamebeba zawadi za shule. Unataka wafungue kitabu wakute tumewaita wezi?"

"Hakuna neno mwizi pale. Soma tena."

Na alisoma tena, haki ya Mungu, niliona macho yake yakienda mwanzo mpaka mwisho wa ile mistari mitatu, yakarudi mwanzo. Kisha akachukua chupa ya dawa nyekundu kwenye meza yangu, akaifungua, akapaka yeye mwenyewe kwa kile kijiburashi. Akapuliza. Akairudisha stensili kwenye taipureta akaniambia, "Chapa hapo: Tunamshukuru Mungu kwa ukarimu wa Mzee Mukoya."

"Sichapi."

"Ni amri."

"Nimesikia kuwa ni amri. Sichapi. Chapa wewe."

Nilisimama nikampisha kiti. Alikaa. Mtu aliyefundisha eneo zima kuandika aliweka vidole viwili juu ya herufi, na hapo nikaelewa kwamba hajui kupiga taipu, na kwamba anaiogopa stensili, maana ndiyo ilikuwa ya mwisho na duka la Kakamega lilikuwa limeshafungwa. Akikosea, ukurasa wote umeenda. Vidole vilikaa hewani muda mrefu. Bwana Miwani alitutazama kutoka ukutani, na babu yangu nyuma yake. Mwishowe Mwalimu aliinuka, akavuta koti lake, akasema, "Basi iwe nyeupe. Nani atajali?" Nilizungusha mashine mwenyewe, nakala baada ya nakala, mpaka bega likawaka moto, na kila ukurasa wa saba ulitoka na pengo jeupe katikati, upana wa vidole viwili. Nilifurahi kama mwendawazimu.

Furaha hiyo iliisha Jumapili, nilipomwona Senje upande wa wanawake amevaa kitambaa kipya, kitabu mapajani, akinisubiri. Hakujua kusoma. Alikuwa amekifungua tu, amekishika kwa mikono yote miwili. "Yangu ni ipi?" aliniuliza. Nilichukua kidole chake nikakiweka kwenye ile nafasi nyeupe. Akakipitisha pale, huku na huku. "Hapa hapana kitu, Rasoa." Nikamwambia, "Walifuta, Senje." "Na mbona hawakuweka kitu kingine?" Nikasema, "Walitaka. Nilikataa kuchapa." Alikitazama kitabu, akanitazama mimi. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka mzee wa kanisa akageuka kutunyamazisha. "Wajinga hawa!" alininong'oneza. "Wameniachia mlango wazi."

Na kweli. Nje ya kanisa, watu wakiwa na sahani za wali mkononi, nilisikia swali lilelile huku na huku. Mbona ukurasa wa saba una pengo? Nakala yako pia? Karani, ulilala kazini? Kila aliyeniuliza nilimjibu neno moja: "Muulize Senje Nekesa." Kama kitabu kingekuwa kimejaa vizuri, wangekipeleka nyumbani wakakiweka chini ya Biblia, na hakuna ambaye angekifungua tena. Lile pengo liliwanyima usingizi. Jumatatu nilifutwa kazi, na Jumatatu hiyohiyo wanawake wawili walipita kwa Senje na vitabu vyao. Wiki ile walikuja wengine, wakakaa kwenye mkeka, wakasikia habari ya maziwa na mvua na kidole gumba. Nilikuwa na nafasi sasa, sina kazi, basi niliketi hapo na penseli nikawaandikia ile mistari mitatu kila mtu kwenye kitabu chake. Watoto wa shule walijiandikia wenyewe, kwa hati waliyofundishwa na Mwalimu Zakayo.

Habari zilimfikia, naye akaja. Alikuja mchana, na koti, akapiga hodi kama mtu aliyekuja kuposa. Senje alimkaribisha vizuri mno, nikajua kuna jambo. Akachinja kuku. Akapika obusuma, akatenga, akanawisha mikono ya mgeni. Mwalimu alisubiri firigisi bila kujua kwamba anasubiri, nilimwona akiiangalia kwenye bakuli. Senje akaichukua kwa vidole vyake, mwanamke wa miaka karibu sabini, ambaye ujanani mwake wanawake hawakuruhusiwa hata kulamba mchuzi wa kuku, akaitia mdomoni, akaitafuna taratibu huku anamtazama machoni.

"Hii ni ya mwenye boma," akasema alipomaliza. "Wewe hapa ni mgeni, Mwalimu. Kula paja."

Mwalimu alikula paja. Kisha akasema, "Mama, unaniharibia jina."

"Jina lako? Umefundisha watoto miaka yote hii. Umewahi kusoma rejista ukamwita mtoto Mukoya?"

Alifikiri kweli, kama mwalimu anayepitia madarasa kichwani. "Hapana," akasema.

"Hata mmoja. Sasa kula, usiongee na mimi habari ya majina."

Alimaliza chakula, akanawa, akashukuru. Mlangoni aligeuka na kuuliza kitu ambacho wakati ule nilikiona ni dharau tu. Aliuliza, "Yule mtoto, alikuwa anaitwa nani?" Senje akasema mama yake alimtaja mara moja, lakini yeye alishindwa kulitamka, likampotea. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kupanda kilima. Hatukuongea tena yeye na mimi, isipokuwa salamu za barabarani, kwa miaka hamsini.

Msimu wa kuvuna mahindi, binamu yangu wa Mautuma, yule aliyekuwa akitukana kwa sauti kubwa kuliko wote, alishuka na gunia mgongoni. Mtu alikuwa amemwonyesha kitabu huko. Alikaa kwenye mkeka wa Senje, akataka asimuliwe kutoka mdomoni mwake, na Senje akasimulia bila kumpunguzia kitu. Alipomaliza, binamu aliinamisha kichwa. "Kumbe tumemtukana bure," akasema. Senje akamwambia, "Bure kabisa. Na ulikuwa na sauti!" Kisha wote wawili wakacheka, na baadaye nikamwona binamu nyuma ya nyumba akijifuta uso kwa kofia. Mkewe alikuwa mjamzito. Mwezi uliofuata walimleta mtoto amefungwa blanketi, wakamweka mikononi mwa Senje, na binamu akasema, "Mshike baba yako." Mukoya. Senje alimpakata siku nzima, akakataa kumrudisha hata kwa kunyonya mpaka alipolia sana. Senje alifariki kabla ya Krismasi, usingizini. Nilitaka aishi aone mistari yake imechapwa. Hilo liliniuma, na lilinifanya nimchukie Mwalimu Zakayo kwa bidii, bila kupumzika, mpaka simu ya Fridah.

Asubuhi ya mazishi Mukoya alikuja kunichukua. Ni fundi wa magari sasa, ana mvi, ana tumbo, bado namwita mtoto. Alikuta ile bahasha ya gazeti juu ya kabati akauliza ni nini, nikamwambia ni ujeuri wa mtu. Akasema, "Si ufungue, Senje." Mimi ndiye senje yake sasa. Nikafungua. Kilikuwa kitabu cha jubilii, nakala ya Mwalimu mwenyewe, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Ukurasa wa saba ulijifungua wenyewe, maana ulikuwa umefunguliwa mara nyingi. Kwenye pengo, kwa kalamu ya wino, kwa ile hati yake iliyonyooka ya ubaoni, paliandikwa: "Nekesa binti Mukoya, aliyekuwepo, asema: Baba yangu hakumpa mtu ardhi. Alimpa mama mmoja mahali pa kumlaza mtoto wake." Neno kwa neno. Alikuwa ameyashika tangu pale dirishani. Na chini, kwa herufi ndogo: "Niliifuta mimi. Zakayo."

Nililia hapo, ndiyo, lakini kwa hasira. Nilipiga meza nikamsemesha kama yupo. Ulikuwa nayo! Miaka hamsini imekaa sandukuni mwako, ulikuwa unamwogopa nani? Wageni walishaenda kwao! Mukoya alisimama tu akishika funguo za gari mpaka nikamaliza.

Mazishini walisoma historia ya marehemu, na ndani yake palikuwa na sentensi kwamba "aliiandikia misheni yetu historia yake." Mtangazaji alipouliza kama kuna rafiki wa zamani, nilijitokeza, akanipa dakika mbili. Sikuhitaji mbili. Nilifungua ukurasa wa saba nikausoma, mistari mitatu ya Senje, kisha mstari wa Mwalimu. Mchungaji alianza kunionyesha saa yake. Nikausoma tena kuanzia juu, pole pole, kwa ajili ya waliokuwa nyuma ya hema. Fridah alikuwa ameinamisha kichwa, nikadhani nimemuumiza, lakini aliponirudishia macho akaitikia, na nikajua alishausoma.

Tukiwa tunakula, kijana mmoja wa ofisi ya misheni alinifuata na kompyuta ndogo kifuani. Misheni inakichapisha kitabu upya, akasema, na wamekipiga picha chote, kimetoka safi kabisa. "Kulikuwa na nafasi tupu hapa ukurasa wa saba, Auntie. Tulidhani ni kosa la mashine. Tumeiziba." Akanionyesha. Aya ya Bwana Miwani juu, aya ya shule chini, zimekutana vizuri, huwezi kujua kwamba paliwahi kuwa na kitu.

"Ifungue," nikamwambia.

"Sasa, Auntie, ingebidi kamati..."

"Kamati yote imekufa. Nimebaki mimi. Sogea."

Alisogea. Niliweka sahani chini, nikafuta mikono kwenye leso, nikaweka kitabu cha Mwalimu magotini, na Mukoya akasimama nyuma yangu kunizuilia jua. Vidole havikuwa baridi safari hii. Nilichapa maneno ya Senje, kisha nikashuka mstari, nikaanza ule mwingine.

"Hii ya mwisho pia?" kijana akauliza. "Niliifuta mimi?"

"Hiyo hasa," nikasema, nikachapa na jina la Mwalimu.